Nzi wamenivamia kibandani Mabibo: wanatoka kwenye pipa au kwa mwenye kuku?

Mama Wali Maharage:

Habari za jioni wanajamvi, poleni na foleni.

Nina kibanda cha chakula Mabibo, si mbali na soko la ndizi. Asubuhi chai, chapati na supu. Mchana wali, ugali, maharage, samaki wa kukaanga, mchicha na kachumbari. Wateja wangu ni boda boda, vijana wanaoshusha mikungu na wanafunzi wa chuo. Nzi nimekua nao, kwa hiyo sijaja hapa kulia kwamba nimemwona nzi. Lakini tangu maembe yaanze kuozea barabarani na mvua za vuli zianze kunyesha, hali imekuwa nyingine kabisa. Nikifunua sufuria ya maharage, upawa haujagusa wao wameshatua pembeni. Juzi kijana wa boda kala wali mkono mmoja, mwingine unapunga. Alipomaliza akasema, "Mama, leo umetuandalia na wageni." Wenzake wakacheka. Kesho yake nikawaona wote wamekaa kwa mama wa ng'ambo ya barabara.

Nilivyojaribu: napuliza dawa jioni nikifunga. Asubuhi nafagia waliokufa, saa nne wamejaa upya. Nimening'iniza mlangoni mfuko wa nailoni wenye maji na sarafu ndani, maana kila mtu anasema nzi wanauogopa. Wangu wanatua juu ya mfuko wenyewe. Nimechoma maganda ya machungwa kwenye mkaa, moshi ukaondoa nzi pamoja na wateja. Karatasi ya gundi inakamata kweli, ila nani anataka kula huku juu ya kichwa chake kumening'inia maiti?

Usafi nafanya. Meza nafuta kwa maji ya sabuni, vyombo havilali, sakafu napiga deki asubuhi na jioni. Nyuma kuna pipa la taka tunalochangia vibanda kadhaa. Gari la taka lilikuwa linapita mara mbili kwa wiki, siku hizi likipita mara moja tunashukuru Mungu. Na ukuta wa pili kuna jirani anafuga kuku wa nyama. Yeye anasema nzi ni wa pipa letu. Sisi tunasema ni wa kuku wake. Tulifika hadi kwa mjumbe. Mjumbe akaja, akakaa, akala wali wangu na samaki, akaondoka bila kuamua.

Naomba kujua: wanatoka wapi hasa? Nifanye nini ambacho si cha gharama kubwa? Na nzi akitua mara moja tu kwenye chakula kweli ana madhara, au tunatishana? Halafu kuna wale wa kijani wanaong'aa, ndio hao hao?

Kipara wa Manzese:

Mama, nzi hafuati chakula kibaya. Ukiona kibanda hakina nzi hata mmoja, wewe mteja kimbia. Tuelekeze ulipo tuje kula.

Bwana Afya Mstaafu:

Huyo wa juu mpuuze, ndio watu wanaofikishwa zahanati wameshika tumbo.

Mama, mimi nimekula mshahara wa serikali kwa kazi ya kuchungulia vyoo na mapipa ya watu wa mji huu, Temeke na Ilala zaidi. Nitakujibu kwa urefu maana umeuliza vizuri.

Anza na hiyo dawa ya kupuliza. Wanaoruka mbele yako ni wachache wa ukoo. Wengine wako chini wanakula, hawana mabawa bado, na dawa ya jioni haiwafikii. Jike moja hutaga mayai mia moja hivi kwa mkupuo, na maisha yake yote, ambayo ni wiki mbili tatu hadi mwezi, anaweza kufikisha mayai 500. Kwa joto la Dar yai linaanguliwa kabla siku haijaisha. Funza anakula siku nne mpaka sita, anageuka pupa, yaani anajifungia ndani ya ganda gumu, anakaa humo siku nne tano, anatoka nzi kamili. Jumla siku 10 hivi, na joto likizidi hata pungufu ya hapo. Halafu nzi si mjinga wa dawa. DDT ilipoingia ilionekana mwisho wa nzi umefika, lakini miaka ya 1940 haikuisha kabla Ulaya hawajapata nzi walioizoea. Hizi za makopo za sasa nazo wapo wanaozizoea. Unapuliza, unaua dhaifu, unawabakiza sugu wazaliane.

Sasa hesabu ya siku 10 iweke kwenye gari lako la taka. Likipita mara mbili kwa wiki linabeba mayai na funza wachanga. Linakufanyia kazi ya kuua nzi wala hujui. Likipita mara moja, tena likachelewa siku mbili, funza wakubwa wameshashiba. Na funza aliyeshiba hakai tena kwenye uozo, anatafuta pakavu penye giza. Anashuka kwenye matundu ya pipa, anaingia kwenye udongo wa chini. Gari linakuja, linabeba maganda, linakwenda zake. Nzi wa wiki ijayo wamebaki kwako, na ada ya taka umelipa.

Kwa hiyo kesi yako na mwenye kuku haihitaji mjumbe, inahitaji kijiti. Usitafute nzi, maana nzi mzima anaruka kilomita moja mbili bila shida na hana kitambulisho cha kusema katoka wapi. Tafuta pupa. Sogeza pipa, chokonoa udongo, inchi mbili tatu, hasa pembeni pale palipo pakavu kidogo. Utaona vidude vya kahawia, vigumu, havitembei, vidogo kuliko punje ya mchele. Kilichofumba vizuri kina nzi ndani. Kilichofunguka ncha kimeshatoa. Ukikuta vilivyofunguka vingi, huhitaji shahidi mwingine.

Kwa jirani fanya vilevile, kwa adabu. Usiangalie katikati ya banda. Maranda makavu hayazai nzi. Angalia chini ya vyombo vya maji, kuku wanapomwaga, maranda yanalowana na kinyesi yanakuwa tope. Kuku wa kienyeji angewadonoa hao funza wote, lakini huyu wa nyama kazi yake ni kula na kulala.

Wale wa kijani si hao hao. Nzi wa nyumbani ni wa kijivu, mgongoni ana mistari minne myeusi. Wa kijani ni ukoo mwingine, wao hupenda zaidi nyama, mizoga, matumbo ya samaki, na wengine huzaliana vyooni. Wakikuzidia, jiulize matumbo ya samaki wako unatupa wapi.

Kuhusu madhara. Nzi hana meno ya kutafunia. Mdomo wake unafyonza maji tu, kwa hiyo akitua kwenye kitu kigumu, tuseme chapati yako, anakitemea mate na mara nyingine anatapika alichokula kwanza, kiyeyuke, ndipo anyonye. Alichokula kwanza kinaweza kuwa kilikuwa chooni. Ladha anaionja kwa miguu, ndiyo maana akitua anatembea tembea, na miguu hiyo ina vinyweleo vinavyobeba uchafu. Na wakati huohuo anajisaidia. Hivyo vitone vyeusi unavyovifuta kwenye waya wa taa na kwenye kamba, ndivyo hivyo.

Anachoweza kubeba ni vijidudu vya kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo, na kipindupindu nacho kimo. Mwaka 2015 kipindupindu kilipolipuka Kinondoni mwezi Agosti na kusambaa mikoani, kila mtu alimlaumu nzi. Nzi alikuwa na sehemu yake, lakini kipindupindu ni ugonjwa wa maji machafu na mikono michafu kwanza. Ukikazana na nzi ukasahau ndoo ya kunawia, umepiga kivuli.

Na si kila chakula kina hatari sawa. Nzi akitua kwenye ukingo wa sufuria inayochemka, mwache, moto utamalizana na mengine. Kinachonitisha mimi ni kachumbari, tunda lililomenywa, samaki aliyekaangwa asubuhi akakaa wazi mpaka saa tisa. Hivyo havirudi motoni. Vijidudu vichache alivyoviacha saa nne vina mchana mzima wa joto la kuongezeka.

Cha kufanya, kwa hela yako ya kawaida:

Mabaki ya chakula na maganda mabichi yatenge na taka kavu. Yaweke ndoo yenye mfuniko unaobana, maji yake yachuje usiyamwage humo, tupia majivu ya mkaa wako juu yakaukie. Ndoo hiyo isingoje gari. Changeni vibanda vyote, mtafute kijana wa guta aizoe kila baada ya siku tatu. Pipa lenyewe likae juu ya saruji au matofali, siyo udongo, na chini yake pafagiliwe.

Chakula, rudini kwenye kawa, vile vifuniko vya kusuka vya ukili. Bibi zetu wa pwani hawakuwa wapumbavu. Kawa moja kwa samaki, moja kwa chapati. Kachumbari weka kwenye bakuli lenye mfuniko, katakata kidogo kidogo. Feni ya mezani ikielekezwa kwenye meza ya kupakulia inasaidia kuliko udi wowote, nzi hawezi kutua vizuri penye upepo. Umeme ukikatika, ndio kawa.

Gundi usiitupe, ila usiiweke mchana. Jioni angalia nzi wanalala wapi, watakuwa kwenye kamba na waya na kingo za dari, penye vitone vingi. Hapo ndipo itundike usiku, alfajiri iondoe kabla mteja wa kwanza hajafika. Na ukitaka mtego, kata chupa ya maji ya lita moja na nusu juu, geuza shingo iingie ndani, tia maji ya sukari na kipande cha tumbo la samaki. Utegeshe kule nyuma kwenye pipa. Ukiutegesha mezani unawaita.

Mfuko wa maji mrudishie aliyekushauri. Sarafu chukua.

Mtoto wa Feri:

Mzee kamaliza, naongeza la samaki tu. Sisi pale Feri nzi ni wafanyakazi wenzetu. Matumbo usiyaweke kwenye pipa hata dakika. Yatie kwenye mfuko, tia chumvi ya mawe, funga, yakae kwenye ndoo ya peke yake mpaka yaondoke. Ukipata mtu anafuga paka au bata, mpe. Na samaki ukishamparua, maji yale ya damu usimwage nyuma ya kibanda. Mama lishe wengi wanafuta meza inang'aa halafu nyuma ya ukuta kuna dimbwi la maji ya samaki, wa kijani wanafanya sherehe.

Mfugaji wa Goba:

Naona kuku wanatukanwa hapa. Mimi nafuga wa nyama na nzi wangu ni wa kawaida. Siri ni kavu, kavu, kavu. Vyombo vya maji viwekwe juu ya tofali usawa wa mgongo wa kuku wasimwage, palipolowa unakoleza maranda mapya siku hiyohiyo.

Ila mama, muulize jirani swali moja ambalo mzee hakuligusa: maranda ya kundi lililopita aliyaweka wapi? Kuku wa nyama anauzwa wiki tano sita, banda linasafishwa, maranda yenye kinyesi yanatolewa nje. Kiangazi yanakauka, hakuna neno. Vuli ikinyeshea lile rundo, basi. Umesema nzi walizidi mvua zilipoanza. Mimi ningeanzia hapo.

Bwana Afya Mstaafu:

Mfugaji kasema kweli, na ni jambo la kuangalia kabla hata ya pipa.

Mgogo wa Mbagala:

Shikamoo mzee. Mimi nimekulia Kongwa, Dodoma, nzi tunawajua kwa macho, maana huko wanakaa machoni. Mtoto anacheza, nzi wako kwenye kona za macho wanakunywa tongotongo, wala hawafukuzi tena. Bibi yangu kope zilipinda kuingia ndani kwa vikope, ule ugonjwa wa macho (trakoma), akawa anazing'oa kwa kibano cha chuma. Sasa naomba kuuliza, ni nzi hawa hawa wa kwa mama hapa Mabibo? Na kwa nini huko vijijini tuliambiwa tuchimbe vyoo ili tusiugue macho, wakati kila mtu anajua nzi wanapenda choo?

Bwana Afya Mstaafu:

Marahaba mwanangu, na pole kwa bibi.

Si yule yule hasa, ni ndugu yake wa karibu. Ukimtazama huwezi kumtofautisha haraka. Yule wa machoni anapenda zaidi uso wa mtu, na jike lake hutaga kwenye kinyesi cha mtu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Ndani ya choo cha shimo hazaliani. Ndiyo maana mliambiwa mchimbe vyoo: kinyesi kikiingia shimoni, yule wa macho anakosa pa kutagia. Uso wa mtoto ukioshwa, anakosa cha kunywa. Mambo mawili hayo yamefanya kazi kubwa kwenye vikope.

Shimo lina nzi wake wengine, hilo kweli, na lina dawa yake. Choo chenye bomba la hewa, wenzetu wa Zimbabwe walikisambaza tangu miaka ya 1970. Ndani kunakuwa na giza, bomba refu linapanda juu ya paa, kwenye mdomo wake kuna wavu. Nzi anayezaliwa shimoni anafuata mwanga, mwanga pekee anaouona uko juu ya bomba, anapanda, anakuta wavu, anafia hapo. Nimekagua vingi mjini ambavyo bomba lipo na wavu haupo. Hilo linakuwa bomba la kuwapandishia nzi kwa heshima.

Kipara wa Manzese:

Mzee nimekusoma hadi mwisho, na sasa chapati yangu naiangalia vibaya. Asante sana.

Mama Wali Maharage:

Jamani nimerudi. Shikamoo mzee.

Jumapili tulisogeza pipa, mimi na mama wa chipsi na kijana wake. Nilichukua mwiko wa zamani nikachokonoa. Mzee, vipo. Vya kahawia, vimejazana pembeni upande wa ukutani, kama ulivyosema. Vingine nilivibana kwa kucha vikapasuka maji meupe, kimoja kilikuwa na nzi ndani kamili amekunja mabawa, mweupe mweupe bado. Mama wa chipsi akakimbia. Tulivikusanya na udongo wake tukatia kwenye moto wa mkaa.

Basi nikaenda kwa jirani na kijiti mkononi, lakini kwa adabu, nikampelekea na chapati mbili. Bandani kwake pako vizuri kuliko nilivyodhani. Nikamuuliza swali la kaka wa Goba. Akanyamaza kidogo. Akanipeleka nyuma, kati ya banda na ukuta wetu. Magunia, mengine yamepasuka, yamenyeshewa, na rundo lingine liko wazi kabisa. Nilipoingiza kijiti kikatoka na joto, na funza wanachemka. Harufu nisieleze, kuna watu wanakula.

Kwa hiyo wote wawili tuna kesi. Tumekubaliana guta, yeye pia anachangia. Pipa tumelipandisha kwenye matofali. Kawa nimenunua mbili Kariakoo, yule wa boda kauliza kama nimefungua mgahawa wa Kizanzibari. Nzi hawajaisha, wamepungua kidogo, na mzee alishasema siku 10 kwa hiyo nasubiri.

Swali langu sasa ni hayo magunia. Jirani anataka kuyatupa mtaroni usiku. Nimemkatalia.

Mchicha wa Bonde la Msimbazi:

Mama asiyatupe! Hiyo ni mbolea, sisi wa bustani tunainunua. Nina matuta ya mchicha na matembele yananisubiri. Nipe namba ya jirani kwenye ujumbe wa siri, nakuja na guta langu kesho.

Bwana Afya Mstaafu:

Kesho usije. Ukiyabeba yalivyo unawahamisha funza kutoka Mabibo kwenda kwenu bondeni, Jangwani, na watu wa huko watafungua mjadala wao hapa.

Kwanza rundo lote likusanywe mahali pamoja penye jua, lisisambazwe. Lifunikwe kwa nailoni nzito, nyeusi ikipatikana, kingo zote zikandamizwe kwa udongo na mawe pasibaki upenyo wa hewa. Mbolea inajipika yenyewe humo, jua linaongezea, joto linaua mayai na funza. Mchunge kingoni, maana funza wajanja hukimbilia pembeni kwenye ubaridi. Kwa hiyo baada ya siku chache geuza, ya pembeni iingie katikati, funika tena. Liache wiki mbili tatu ndipo ubebe.

Mchicha wa Bonde la Msimbazi:

Sawa mzee, nailoni ninayo ya kitaluni, nitaileta mwenyewe. Mama, ni magunia mangapi kwa makadirio, na jirani anauzaje?

Mama Wali Maharage:

Sikuyahesabu kaka, nilikuwa nimeziba pua. Ila hakuuzii, nimeshamwambia atakupa bure ukimletea nailoni. Njoo mchana, ule kabisa.